Bonde la Ufa msimu wa vuli: mwongozo kamili wa kutoka Nairobi alfajiri, kutazama wanyama Naivasha na kurudi siku hiyo hiyo

Msimu wa vuli, siku ya kutazama wanyama katika Bonde la Ufa huisha saa nane mchana. Baada ya hapo upepo huchafua Ziwa Naivasha, mawingu hujikusanya juu ya Mau na Nyandarua, na barabara ya kurudi Nairobi huanza kujaa magari. Anayetoka mjini saa tatu asubuhi, akiwa amekunywa chai vizuri na kupitia dukani, hukuta swala wamejibanza kivulini na jua limewaka hadi milima ya mbali haionekani kwa mng'ao. Anayeondoka saa kumi na moja alfajiri hupata karibu kila kitu ambacho bonde hili linaweza kumpa mtu kwa siku moja. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya saa hiyo.

Nimeuandika kwa ajili ya Mnairobi wa kawaida: mwenye gari dogo, au asiye na gari kabisa, ambaye hataki kulala hotelini wala kulipia gari la watalii. Bonde liko umbali wa takriban kilomita 90 kutoka katikati ya jiji, na ninaamini kila mtoto aliyezaliwa Nairobi anastahili kuliona kwa macho yake kabla hajamaliza shule ya msingi.

Kwa nini vuli

Wengi husubiri Julai na Agosti kwa sababu ni kukavu. Mimi napenda Oktoba na Novemba zaidi. Mvua za vuli huanza kwa manyunyu ya jioni, nyasi zinachipua, vumbi linatulia, na hewa inakuwa safi kiasi kwamba ukiwa ukingoni juu unaweza kuona ng'ambo ya bonde. Swala na punda milia hutawanyika kwenye majani mabichi badala ya kubanana kwenye vichaka vilivyokauka.

Kisha kuna ndege. Huko Ulaya na Asia baridi inapoanza kubisha na wadudu kupungua, mamilioni ya ndege hushuka kusini, na wengi wao hupita juu ya Kenya. Kuanzia Septemba utaanza kusikia keremkerem wa Ulaya wakipita juu kwa juu hata mitaani Nairobi. Mbayuwayu hujaa kwenye nyaya za stima. Tai wa nyika za Asia ya Kati hufika na kukaa chini mbuga nzima, jambo linalowashangaza wasiowajua. Mvua ya kwanza ikinyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, tai hao hao wakubwa hutembea kwa miguu wakiwadonoa mmoja mmoja. Mwishoni mwa Novemba na Desemba, vipanga wadogo wa Amuri hupita wakitoka upande wa Siberia na Uchina kuelekea kusini mwa Afrika, wakifuata mawingu ya mvua hiyo hiyo na kumbikumbi hao hao. Ukiona kundi la vipanga wengi kwa pamoja mbele ya wingu jeusi, simamisha gari mahali salama uwatazame, kwa maana huenda wakapita kwa muda mfupi tu.

Chagua sehemu mbili, usiongeze ya tatu

Ratiba zinazosambazwa kwenye WhatsApp huweka Longonot, Hell's Gate, ziwa na Nakuru ndani ya siku moja. Huko ni kuona lami tu. Kwa siku moja ya vuli, napendekeza Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate asubuhi, kisha ziwa kabla ya adhuhuri kupita. Ziko karibu, na kila moja inakupa kile ambacho nyingine haina: nchi kavu na miamba kwanza, halafu maji.

Hell's Gate ni ndogo, kilomita za mraba 68 na kidogo, na ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984. Ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Hutaenda huko kutafuta tembo wala simba. Utaona punda milia, twiga, swala tomi, swala granti, kongoni, pofu, ngiri, nyati, nyani, na juu kwenye miamba mbuzi mawe na pimbi. Ukiwa huna kioo cha gari kati yako na twiga, utamwona kwa namna nyingine kabisa.

Usiku wa kuamkia safari

Lipa kiingilio ukiwa nyumbani. Shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, ambalo ndilo linaloendesha hifadhi hii, halipokei pesa taslimu langoni. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa M-Pesa au kadi. Mtandao langoni unaweza kusumbua, na hakuna jambo linalokera kama kusimama kwenye foleni ukitafuta neno la siri huku jua likipanda. Angalia ada ya siku hiyo kwenye mfumo wenyewe, usitegemee bei alizokutumia rafiki mwaka jana. Beba kitambulisho cha taifa halisi, kwa sababu ada ya raia na ya mgeni zinatofautiana sana na askari watataka kuthibitisha.

Maji yabebe kwenye chupa ya kudumu, ya chuma au plastiki ngumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, fuo na misitu inayolindwa nchini, na hiyo ni pamoja na zile chupa za maji za dukani, vikombe na mirija. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima mapema zaidi, Agosti 2017. Mtu mmoja anayeendesha baiskeli atahitaji lita mbili, na hakuna duka ukishaingia ndani.

Chakula kiwe kile kisichohitaji meza: chapati zilizokunjwa, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi, viazi vitamu. Kifunge ndani ya begi lenye zipu na ulifunge kweli. Nyani wa Hell's Gate wanaijua mifuko ya karatasi vizuri, na tumbili wanajua zaidi.

Nguo ni suala la tabaka. Limuru alfajiri ni baridi kali yenye ukungu, Naivasha saa tano jua linachoma, na saa tisa mvua inaweza kukunyeshea. Fulana, sweta, koti jepesi la mvua, kofia yenye ukingo. Epuka nyeupe na nyekundu inayong'aa. Kaki, kijani kilichofifia na kahawia vinakusaidia kukaribia wanyama. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika mwamba.

Sasa darubini. Kama kuna kitu kimoja cha kuazima kwa jirani au kununua kwa pamoja kama familia, ni hiki. Tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x32. Nambari ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganyike na inayokuza mara 20. Mkono wako utatetemeka na hutaona chochote. Jifunze kuitumia ukiwa kwenye roshani nyumbani: mtazame ndege kwa macho matupu, usiyaondoe macho kwake, kisha inua darubini hadi machoni. Wanaoanza huinamisha kichwa kuitafuta darubini, na wakiinuka ndege ameshapotea.

Njia ya kwenda

Kwa gari, toka kwa Waiyaki Way, pita Kikuyu hadi Rironi. Hapo barabara zinagawanyika: ya juu inapitia Limuru, Kimende na Kinungi, ya chini inateremka ukingo hadi Mai Mahiu. Nenda kwa ya chini, rudi kwa ya juu.

Sababu ni mwanga. Ukingo huu unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako na linaangaza bonde zima. Jioni linakupiga usoni na huoni ila utusitusi. Fika kwenye vituo vya kutazamia saa kumi na mbili hivi, wakati jua linachomoza. Chini kote bado kuna kivuli cha ukingo wenyewe. Mlima Longonot, wenye mita 2,776, ndio hupata jua kwanza: utauona mdomo wa kreta ukigeuka rangi ya shaba, kisha mwanga unateremka polepole kwenye makorongo ya ubavuni hadi mbuga ya chini inafunguka. Kushoto zaidi, kusini, ni Suswa, mpana na mfupi. Subiri hapo dakika 20. Wenye vibanda watakuwa wanafungua na kutundika kofia za ngozi ya kondoo. Ukiwa na chai ya moto, muda huo utapita vizuri.

Barabara hii ya chini ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na chini ya mteremko waliacha kanisa dogo la mawe la mwaka 1942, kando ya barabara. Ni jengo la watu wachache tu. Simama ukipenda, lakini usikae sana, wanyama hawatakusubiri.

Tahadhari za barabara ni mbili. Malori mengi hupita hapa, na mteremko ni mwembamba. Shuka kwa gia ndogo, usikanyage breki mfululizo, na usipite gari lolote kwenye kona hata kama dereva wa lori anakuwashia ishara ya kukuruhusu. Ya pili ni mvua. Kama usiku kumenyesha sana upande wa Limuru na Kijabe, acha njia ya Mai Mahiu upitie ya juu. Eneo hilo lilipata msiba mkubwa wa mafuriko Aprili 2024, na makorongo yanayokatiza barabara hujaa haraka.

Kutoka Mai Mahiu kwenda Naivasha, tazama pande zote mbili karibu na Longonot. Mara nyingi punda milia na swala hulisha kando ya barabara, na twiga huonekana juu ya migunga. Punguza mwendo, kwa sababu huvuka bila taarifa.

Bila gari, matatu za Naivasha hupatikana upande wa Nyamakima na Accra Road. Fika mapema, maana huondoka zikijaa. Nyingi hupita barabara ya juu, basi kaa dirishani upande wa kushoto. Baada ya Kimende bonde litakufungukia upande huo. Ukifika steji ya Naivasha mjini, panda nyingine inayoelekea Kamere au Kongoni kwa barabara ya Moi South Lake, na umwambie kondakta akushushe junction ya Hell's Gate. Asubuhi utasafiri na wafanyakazi wa mashamba ya maua, na ukiwauliza ziwa limepanda au limeshuka watakueleza bila kukisia. Kutoka junction hadi lango la Elsa ni kama kilomita mbili, na hapo hapo junction ndipo pa kukodi baiskeli.

Baiskeli: kagua kabla ya kulipa

Baiskeli nyingi za kukodi zimezeeka kwa mchanga. Usimwonee haya mwenyewe. Mwambie kwa upole, "Kaka, nijaribu kwanza," kisha uizungushe mara mbili tatu. Breki ya mbele na ya nyuma zishike zote. Mnyororo usiruke unapobadilisha gia. Bonyeza magurudumu kwa kidole gumba, na uhakikishe siti haishuki ukiikalia. Siti iwe juu kiasi kwamba mguu unakaribia kunyooka pedali ikiwa chini. Hili pekee litayaokoa magoti yako. Uliza ikiwa watakuletea nyingine ikipasuka ndani, chukua namba ya simu, na mkubaliane saa ya kurudisha. Bei hupungua mkiwa kundi.

Ndani ya hifadhi: namna ya kuona

Hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Ukiwa ndani kufikia saa moja na nusu, una kama saa mbili za mwanga mzuri na wanyama walio kazini. Kutoka lango la Elsa njia inapita kati ya kuta mbili za miamba myekundu. Mapema kabisa utakutana na Mnara wa Fischer, jiwe la volkano lililosimama peke yake kwa mita 25 hivi, lililopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka 1883. Wapanda miamba huja kujifunzia hapo. Chini yake kuna pimbi wanaoota jua. Wanafanana na sungura asiye na masikio, lakini tazama miguu yao: vidole vifupi vyenye kucha butu, na wanasayansi huwahesabu kuwa jamaa wa karibu wa tembo. Usiwalishe, hata wakikukaribia hadi kwenye kiatu.

Kosa la wengi hapa ni kukimbiza baiskeli hadi mwisho wa njia kisha kurudi. Umbali hadi korongoni ni kama kilomita nane tu. Tembea mita 300, simama, tazama. Ukisimama, weka mguu chini na unyamaze kwa dakika tano nzima. Katika dakika ya kwanza swala wanakutazama wewe. Katika dakika ya tatu wanarudi kwenye nyasi, na hapo ndipo utaanza kuona tabia zao.

Anza na swala wawili, maana utawaona siku nzima na watu huwachanganya. Swala tomi ni mdogo, ana mstari mweusi mnene ubavuni, na mkia wake mweusi hautulii hata sekunde. Swala granti ni mkubwa zaidi, miguu mirefu, rangi iliyopauka. Mstari wa ubavuni unaweza kukudanganya kwa sababu baadhi ya granti jike wanao pia. Tazama makalio: weupe wa granti hupanda hadi juu ya shina la mkia, wa tomi huishia chini ya mkia. Mara tu ukilijua hilo, hutakosea tena hata akiwa mbali.

Kongoni hupenda kusimama juu ya kichuguu, uso mrefu ukitazama mbali. Huyo ni mlinzi. Akigeuza kichwa na kukodoa upande mmoja bila kuyumba, tazama huko huko. Huenda ni fisi, mbweha au mtu tu, lakini kuna kitu. Twiga ni mlinzi bora zaidi kwa sababu ya kimo chake. Twiga watatu wakiacha kula na wote kuangalia kichaka kimoja, usiendeshe baiskeli kuelekea kichaka hicho.

Na nyati. Hapa ndipo ninapoomba usikilizwe. Kundi kubwa la nyati likiwa mbali mbugani kwa kawaida litakutazama na kuendelea kula. Hatari ni dume mzee aliyejitenga, aliyelala kwenye kichaka karibu na njia. Mara nyingi utawaona kwanza ndege wadogo wanaokula kupe mgongoni mwake, au utasikia mlio wao wa kukwaruza. Ukimwona, simama mapema. Usimzunguke, usipige kengele, usishuke kupiga picha. Rudi nyuma polepole huku ukimkabili, na usubiri gari lipite ili upite nalo, ukiwa upande wa gari ulio mbali na nyati. Askari wa hifadhi wakikwambia njia fulani haiendeki leo kwa sababu ya nyati, hawakukatishi starehe.

Inua macho kwenye miamba pia. Madoa meupe yanayoteremka kama chokaa iliyomwagwa ni kinyesi cha tumbusi, na juu yake ndipo viota vilipo. Tumbusi wa Rüppell huzaliana kwenye kuta hizi. Hawaruki alfajiri. Husubiri mwamba upate joto na hewa ianze kupanda, kwa kawaida kuelekea saa tatu au nne, kisha huondoka mmoja mmoja, wakizunguka bila kupiga bawa hadi wanakuwa nukta. Panga mapumziko yako ya chakula kwa wakati huo, mahali ambapo unaona ukuta wote. Ni ndege wanaopungua sana Afrika nzima, hasa kwa sumu inayowekwa kwenye mizoga, na kuwaona wakipanda kwa pamoja ni bahati ambayo wajukuu wetu wanaweza kuikosa.

Mbuzi mawe yuko kwenye miamba hiyo hiyo, amesimama kwa ncha za kwato. Hatajitokeza akupungie. Pitisha darubini polepole kwenye ukingo wa juu kutoka kushoto kwenda kulia, ukitafuta masikio mawili ya mviringo dhidi ya anga.

Korongo la Ol Njorowa, na kwa nini mvua ya mbali ni yako

Mwisho wa njia kuna korongo lililochimbwa na maji ya ziwa la kale, lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo na likimwaga maji yake kusini kupitia hapa. Kuta zimebana, ndani kuna chemchemi za maji moto, kwa maana chini yake ni joto lile lile linalozalisha umeme pale Olkaria, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981.

Korongo hili limeua. Aprili 2012 vijana wa kanisa walisombwa na maji humu, na Septemba 2019 watu saba walikufa katika mafuriko ya ghafla. Mtu akiwa ndani haoni mawingu yaliyo juu ya vilima, anaona utepe wa anga tu. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi kutoka hapo, maji yakateremka kwenye mikondo yote inayoingia korongoni, na yakafika kwa ukuta mmoja huku juu yako jua linawaka.

Kwa hiyo msimu wa vuli fuata haya bila kubishana. Uliza langoni kama korongo limefunguliwa siku hiyo, likifungwa, limefungwa. Uliza kama jana jioni kulinyesha. Usiingie bila kiongozi wa hapo, na muulize kabla ya kushuka njia za kutokea ziko wapi. Usiingie baada ya saa tano mchana. Ukisikia mngurumo, au maji ya miguuni yakibadilika rangi kuwa ya matope, panda juu papo hapo. Usirudi ulikotoka kwa kufuata mkondo. Na kama una watoto wadogo, hifadhi ya juu inatosha kabisa.

Vipande vya jiwe jeusi linalong'aa utakavyoviona chini ni kioo cha volkano. Viache hapo.

Ziwani kabla ya upepo

Toka hifadhini saa tano. Kati ya saa tano na nusu na saa saba ziwa huwa bado linafaa. Mchana ukizidi mawimbi huinuka na boti ndogo si mahali pa kuwa. Pa kupandia ni fuo za umma kama Karagita au Kamere, au kwenye kambi na hoteli za kandokando. Boti kwa kawaida hukodiwa nzima kwa saa, hivyo mkiungana watu watano au sita gharama inashuka. Patana bei, muda na mnakokwenda kabla ya kuketi. Kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha na alifunge, mtoto avae la saizi yake. Nahodha asipokuwa nayo ya kutosha, tafuta boti nyingine.

Naivasha ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ingawa halina mto unaoonekana ukitoka. Maji huingia kwa mito ya Malewa na Gilgil, na inaaminika hutoka kwa kupenya chini ya ardhi. Tangu mwaka 1995 limeorodheshwa kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miaka ya karibuni limepanda sana, na utapita katikati ya migunga iliyokufa imesimama majini. Usiihuzunikie moja kwa moja: kila tawi lina mnandi anayekausha mabawa, na juu kabisa yuko furukombe, tai mla samaki, kifua na kichwa cheupe. Nahodha wengi hubeba samaki wa kumrushia ili ashuke mpige picha. Mwombe asifanye hivyo. Zima injini karibu na mti wake, mngoje dakika 15. Mlio wake anapotupa kichwa nyuma, na mwenziwe akijibu ng'ambo ya pili, hutausahau.

Mdiria mweusi na mweupe ndiye ninayempenda zaidi hapa. Husimama hewani mita chache juu ya maji, mabawa yakipiga kwa kasi, kichwa kimetulia kabisa na mdomo ukielekea chini. Kisha anadondoka.

Viboko huwa kwenye kina kifupi karibu na matete. Nahodha akae mbali nao na asiwakatie njia ya kuingia majini penye kina. Kiboko akizama na usimwone alikotokea, ondokeni. Nchi kavu, msitembee ufukoni jua likishazama, kwa maana huo ndio wakati wao wa kutoka kula.

Kama mna wazee au watoto ambao baiskeli haiwafai, badilisheni mpango: achaneni na Hell's Gate, mwende Crescent Island asubuhi. Ni hifadhi binafsi yenye kiingilio chake, isiyo chini ya KWS, na huko mnatembea kwa miguu kati ya twiga, nyumbu, punda milia na kuro kwa mwendo wa bibi yeyote. Maji yakiwa juu mnafika kwa boti, hivyo safari ya ziwa imo ndani yake.

Kurudi

Kuleni saa saba, muwe barabarani kufikia saa nane. Jumapili hili si la kujadili, kwa sababu wote waliolala Naivasha na Nakuru wanarudi jioni hiyo. Pandeni kwa barabara ya juu. Kipande cha Kinungi kina historia ndefu ya ajali, kwa hiyo mvua ikianza washa taa, ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usishindane na basi. Ukungu wa Kinale na Limuru unaweza kushuka hata saa kumi.

Simameni Soko Mjinga kununua viazi, karoti, kabichi na minji moja kwa moja kutoka kwa akina mama wa pale. Kuelekea Desemba kuna plamu pia. Ingieni kwenye maegesho ya soko, msisimame ukingoni mwa lami. Ukimwuliza mama bei ya ndoo, muulize pia ameona mvua gani wiki hii upande wa bonde. Jibu lake litakusaidia kupanga siku ya kurudi.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, andika orodha ya ndege na wanyama mlioona, pamoja na tarehe na mahali. Zipo programu za bure za simu, kama eBird, zinazopokea orodha hizo na kuzifikisha kwa watafiti, na ndege wanaohama wanahitaji watu wengi wa kawaida wa kuwahesabu. Kama hukumtambua fulani, andika ukubwa wake, rangi ya miguu, umbo la mdomo na alichokuwa akifanya. Chama cha uhifadhi cha Nature Kenya hufanya matembezi ya kutazama ndege jijini Nairobi kila Jumatano asubuhi, na humo wamo watu watakaokutajia jina lake kwa maelezo hayo tu.